Mafuta Kwenye Karatasi ya Damu

Karatasi ya maelezo niliiandika mimi. Nakiri mapema, kwa sababu mengi yaliyofuata yalitokana nayo, na kwa wiki kadhaa nilipita mtaa wa Baba Dogo nikiomba pasiwe na mtu anayekumbuka mwandishi wake ni nani.

Watafiti walikuwa wamekuja kupima watoto waliokaa karibu na karakana moja ya mtaa huo inayoyeyusha betri kuukuu za magari. Walitaka kujua kama watoto hao wana madini ya risasi mwilini. Madini hayo, ambayo mafundi wa betri huyaita ledi, hugeuka vumbi na moshi, na mtoto akiyala kidogo kidogo kwa vidole yanaweza kumdumaza akili bila kumpa homa wala upele wa kumshtua mama yake. Njia ya kupima ilikuwa nyepesi. Unachoma kidole cha mtoto, unaacha matone machache ya damu yaingie kwenye karatasi nene iliyochapwa miduara, unaiweka karatasi ikauke, kisha unaituma maabara ndani ya bahasha kama barua. Hapakuhitajika chupa wala barafu. Daktari aliyeongoza kazi hiyo, mwanamke kijana aliyeongea taratibu, alitaka mtu wa kuwaeleza akina mama mambo haya kwa Kiswahili kinachoingia kichwani. Kuna aliyemwambia kwamba mimi ni mwandishi, nimesomea lugha chuo kikuu, na sina shughuli. Yote matatu yalikuwa kweli.

Sababu yangu nyingine sikumwambia. Dada yangu mdogo aliishi kwenye ploti iliyopakana na ukuta wa karakana ile. Mume wake alifanya kazi humo ndani, akipasua betri na kutenganisha vyuma vyake, na chumba walichokaa kilikuwa cha mwajiri. Walikuwa na mtoto mmoja, msichana aliyekaribia miaka mitatu, na maneno yake yote ungeyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Alisema mama. Alisema maji. Alisema hapana, kwa ufasaha mkubwa. Kanisani walimwambia dada yangu kwamba wapo watoto wanaochelewa. Mama mkwe wake, akipiga simu kutoka kijijini kwao magharibi, alisema marehemu mumewe alinyamaza hadi akafika miaka minne, na hata alipoanza kuongea hakuwa na la maana la kusema. Dada yangu alicheka. Lakini kila aliponipigia mimi simu swali lilikuwa moja: kama ni ile kazi, tutajuaje?

Sasa njia ya kujua ilikuwa imekuja hadi mlangoni kwake.

Niliandika karatasi yangu kwa bidii ambayo sijawahi kuwapa wachapishaji. Ilikuwa kurasa mbili. Nilimsomea mke wangu nyumbani kwetu, mtaa wa Umoja, akasinzia kwenye ukurasa wa kwanza, nikaipunguza. Niliandika kwamba asubuhi ya siku ya kupimwa mtoto aogeshwe, akatwe kucha, na mikono yake ioshwe vizuri kwa sabuni, kwa sababu vumbi lililo kidoleni likichanganyika na tone la damu, maabara haitajua lipi limetoka ndani ya mwili na lipi nje. Nikaongeza kwamba ni kama kuonja mchuzi kwa kijiko kilichochovywa kwenye chumvi: utailaumu sufuria bure. Mfano huo ulinipendeza sana. Daktari naye aliupenda, na karatasi ikachapwa na kugawiwa mlango kwa mlango.

Jumamosi tulikutana kwenye ukumbi wa kanisa, hatua chache kutoka lango la karakana. Akina mama walikuja wengi kuliko tulivyotarajia, na watoto wao walikuwa wanang'aa. Sisemi kwa kutia chumvi. Paji la uso la kila mtoto lilirudisha mwanga wa dirisha. Magoti yalimeremeta. Mikono ilimeremeta. Nilimnong'oneza muuguzi aliyekuwa akipanga vifaa kwamba unaona, watu wakielezwa vizuri wanaelewa.

Tangu nizaliwe katika mitaa hii sijaona mtoto aliyeogeshwa akaachwa bila mafuta. Mtoto akitoka kwenye karai la kuogea, hata kabla hajakauka vizuri, anapakwa kuanzia utosini hadi kwenye nyayo, na kile kinachobaki viganjani mwa mama kinaishia kwenye mikono yake midogo. Mtoto aliyepauka ni mashtaka dhidi ya mama yake, na hakimu ni mtaa mzima. Mimi mwenyewe nimekulia Shauri Moyo nikipakwa hivyo, na kufikia saa nne asubuhi vumbi lote la njia ya kwenda soko la Gikomba lilikuwa limeganda shingoni mwangu. Kwa hiyo sikukosa habari yoyote niliyohitaji. Niliyaona mafuta yale, nikayasifu.

Kabla ya kuanza, mama mmoja aliuliza damu itapelekwa wapi ikitoka hapo, na mwingine akauliza kama inauma. Nikajitolea nipimwe kwanza, wao wakitazama. Asubuhi hiyo nilikuwa nimepanga viti vilivyorundikwa nje kwenye ukuta unaotazamana na karakana, nikasalimiana kwa mkono na kila aliyeingia, nikambeba mpwa wangu. Beseni la kunawia lilikuwa tayari pembeni. Nilisimama mbele nikaanza kueleza umuhimu wa kunawa, nikaeleza kwa kirefu hadi muuguzi, aliyekuwa na foleni ya watoto wa kushughulikia, akaushika mkono wangu, akapangusa kidole kwa spiriti mara moja na kukichoma.

"Profesa, unatetemeka," alisema mama mmoja kutoka kiti cha mbele.

Ukumbi ulicheka, na kazi ikaanza kwa furaha.

Tone la kwanza hufutwa. Tone la pili huachwa livimbe lenyewe hadi liwe zito, kisha karatasi hugusishwa juu yake mara moja tu, na damu inajaza mduara. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Siku ile matone hayakuvimba. Yaliteleza kidoleni kama maji kwenye kitambaa cha plastiki, na wauguzi walilazimika kuyafukuza kwa karatasi. Nilimsikia mmoja akilalamika kwamba vidole vinateleza, akaomba spiriti zaidi. Daktari alikuwa kituo cha pili, upande mwingine wa mtaa, na hapakuwa na mtu wa kusimamisha kazi na kuuliza ni kwa nini.

Mpwa wangu aliletwa na baba yake, amempakata ndani ya koti lake la kazini kwa sababu asubuhi hiyo kulikuwa na baridi. Mtoto hakulia. Alilitazama tone la damu yake kwa makini, kama mtu anayekagua bidhaa, na shughuli ilipokwisha kabisa akasema hapana. Dada yangu alisimama pembeni akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Sikumbuki kama alipumua.

Karatasi zilitandazwa kwenye vichanja vidogo ndani ya ukumbi, madirisha yamefungwa, zikae hadi jioni bila jua wala kugusana. Mimi nilipewa gazeti la kufukuzia nzi. Nilifanya kazi hiyo bila kosa, na ndiyo pekee niliyoifanya hivyo siku ile.

Majibu yalichukua wiki kadhaa. Kila mzazi aliitwa peke yake. Dada yangu alikuta fomu yenye mstari wa kiwango kinachotia wasiwasi, na jibu la mtoto wake likiwa mbali sana juu ya mstari huo. Alinipigia simu akiwa bado mlangoni mwa kliniki.

"Kaka, iko," alisema.

Nilipofika kwao alikuwa ameshaanza kufunga vitu. Mifuko miwili ilikuwa kitandani, na sufuria zilikuwa ndani ya karai. Shemeji alikuwa ameketi kwenye kigoda akimtazama, buti za kazi bado miguuni. Alitaka kujua wanahamia wapi, na kazini atasema nini, kwa kuwa chumba kilikwenda na kazi: ukikirudisha, mwajiri atataka kujua kwa nini. Dada yangu alimwambia aseme anavyotaka. Hapo shemeji akanigeukia mimi, mtu aliyeleta karatasi.

"Hiyo kitu mimi ndio naishika kila siku na hii mikono. Miaka sita. Kama ni ya kuharibu mtu, si ingeanza na mimi?"

Nilimjibu kwamba watoto hawafanani na watu wazima, kwamba miili yao inayafyonza madini haya kuliko sisi. Nilikuwa nimeyaandika hayo kwenye ukurasa wa pili. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akasema yeye hapingi kitabu, anapinga kuhama. Mtoto alikuwa sakafuni akipanga vifuniko vya chupa. Hakuna hata mmoja wetu aliyetaka kumtazama.

Siku mbili baadaye daktari alinipigia kuhusu jibu langu mimi.

Aliuliza naishi wapi. Nikasema Umoja. Akauliza kama nimewahi kufanya kazi na betri, rangi za zamani au bunduki. Nikasema ninaandika insha. Kisha akanieleza kwamba kulingana na karatasi yangu ya damu, mwili wangu ina madini mengi kuliko ya mfanyakazi wa kuyeyusha, na mtu wa namna hiyo hazungumzi kwenye simu bila kujishika tumbo. Kwa hiyo aliwaomba maabara wakate kipande cha karatasi tupu, pale kati ya miduara ambapo hapakuwa na damu, wakipime peke yake. Kipande hicho nacho kilikuwa na madini. Wakafanya hivyo kwa karatasi za watoto, na nyingi zikawa vilevile. Halafu mmoja wao akainua karatasi dhidi ya taa akaona kila mduara umezungukwa na doa linalopitisha mwanga, kama karatasi iliyofungiwa mandazi.

"Kwenye maelezo uliandika nini kuhusu mafuta ya kujipaka?" aliniuliza.

"Sikuandika kitu."

"Nami nilisoma na sikuona," alisema, na kwa hilo nitamshukuru daima. "Spiriti ukiipitisha mara moja juu ya mafuta haiyatoi. Inayasambaza. Na mafuta yanashika vumbi."

Kwa hiyo majibu hayakuwa na maana. Hayakusema kwamba watoto ni wagonjwa, wala hayakusema kwamba ni wazima. Ilibidi wapimwe upya, safari hii kwa sindano, damu ya mshipani, na yule aliyewaambia waje sasa alitakiwa kwenda kuwaambia kwamba walikuja vibaya.

Nilikwenda. Daktari alikwenda nami, lakini akina mama walinitaka mimi. Nilieleza habari ya mafuta. Mama mmoja mwenye duka la mboga akauliza kama nilitaka walete watoto wakiwa kama wametoka kuzikwa. Mwingine akasema yeye alisoma karatasi yangu yote, ya chumvi na mchuzi, na mafuta hayakuwemo. Wa tatu aliuliza kama nilipozaliwa mimi nilipakwa unga. Walikuwa na haki, na walikuwa wanachekesha, na baadhi yao waliondoka wakisema hawatarudi. Hao ndio wanaonirudia akilini, kwa sababu huenda miongoni mwa watoto wao kulikuwa na aliyehitaji kupimwa kuliko wote.

Shemeji alizipokea habari kwa furaha. Alifungua mifuko mwenyewe, akarudisha sufuria mahali pake. "Mafuta," alisema kila mara alipopita karibu nami. "Mmetutoa roho juu ya mafuta." Kwake mambo yalikuwa yamekwisha: karatasi ilisema uongo, imekamatwa, mtoto ni mzima, chumba kinabaki. Sindano ya mshipani hakutaka kuisikia. Alisema mtoto hatatobolewa tena ili watu wa vitabu warekebishe makosa yao.

Jumapili hiyo dada yangu alikuja Umoja baada ya ibada, peke yake na mtoto. Mke wangu alipika chai. Dada yangu hakuinywa. Nilijaribu kumwomba msamaha, nikaanza na maneno mengi, akanikata.

"Mimi sitaki pole. Nataka kujua ni mkono ama ni mtoto."

Sijawahi kusikia utafiti ukielezwa vizuri zaidi. Aliniomba nimpeleke, nimshike mtoto wakati wa sindano, kwa kuwa baba yake hatakuja na yeye mwenyewe hakujiamini.

Daktari alitupa masharti. Mtoto aogeshwe, anawishwe mara mbili kwenye bomba la kliniki, na asipakwe kitu chochote tangu jana yake. Asubuhi ya siku hiyo nilimkuta dada yangu amesimama mlangoni na mtoto aliyevaa gauni la kanisani, na miguu yake ilikuwa ya kijivu kama aliyetembea kwenye majivu. Midomo imekauka. Viwiko vimekauka. Kwa mtu wa mbali lingekuwa jambo dogo. Dada yangu ni mtu ambaye yuko radhi kutoka nyumbani bila viatu kuliko kutoka na mtoto wa namna ile.

Kutoka kwao hadi kliniki ni mwendo wa dakika kumi, na njia inapita mbele ya maduka, bomba la maji na saluni. Nilimbeba mtoto nikidhani mwili wangu ungemficha. Haukumficha.

"Mama, mafuta imeisha?" aliita mwanamke kutoka bombani. "Kuja nikuwekee kidogo, si lazima ulipe."

Dada yangu alimsalimia akaendelea. Mbele ya saluni mwingine alimuuliza kama mtoto ni mgonjwa, na mwenzake akajibu kwa niaba yetu kwamba si mgonjwa, ni mjomba amekuja na masomo. Wote wakacheka. Yule mwenye duka la mboga alitutazama tukipita. Niliona jicho lake likishuka hadi kwenye miguu ya mtoto na kupanda tena. Wiki iliyofuata, daktari aliniambia baadaye, mama huyo alimleta mtoto wake, amekauka vilevile.

Sindano sitaieleza sana. Mtoto alilia kwa sauti ambayo sikujua anayo. Nilimshika kama nilivyoagizwa, mguu mmoja katikati ya magoti yangu, na alinitazama muda wote kama mtu anayehakikisha hatakosea sura yangu baadaye. Kwenye kidole kilichonawishwa daktari alichukua pia matone ya karatasi, ili alinganishe. Safari hii tone lilivimba, likasimama jekundu juu ya kidole kikavu, na karatasi ikalinywa mara moja.

Siku ya majibu shemeji alikuja. Hakumwambia mtu kwamba atakuja. Tulimkuta tu amesimama nje ya kliniki, ametoka kazini bila kubadilisha nguo. Aliingia, akakataa kiti.

Daktari aliweka fomu mbili mezani, ya kwanza na ya sasa. Alisema damu ya mshipani na karatasi mpya zinakubaliana, na zote ziko chini sana ya karatasi ile ya mafuta. Shemeji alitikisa kichwa polepole kama mtu aliyejua. Kisha daktari akaonyesha mstari. Bado mtoto alikuwa juu yake. Si mbali kama mara ya kwanza, lakini juu. Sehemu kubwa ya jibu la kwanza ilikuwa mkono, alisema, na hii iliyobaki ni mtoto mwenyewe. Kwa kiwango hiki hapewi dawa. Anatolewa kwenye vumbi, anakula vizuri, anapimwa tena baada ya miezi mitatu. Kuhusu kuongea, haiwezekani kusema kwamba chanzo ni hicho, wala kusema kwamba sicho.

Dada yangu aliuliza kama kupiga deki kila siku kungetosha. Alikuwa anamtafutia mumewe njia, nililiona hilo. Kabla daktari hajajibu, shemeji aliongea.

"Daktari, hiyo vumbi ya mkono. Ile iliharibu karatasi. Huyu mtoto alikuwa ameoga asubuhi."

"Ndiyo."

"Na akatoka kwa nyumba kwenda kanisani. Hakucheza mahali."

"Ndiyo."

Aliutazama mkono wa koti lake. Lilikuwa koti zito la buluu, limekuwa jeusi mikononi, na alikuwa nalo siku ile alipompakata mtoto kumlinda na baridi. Alirudi nyuma hatua mbili, hadi mgongo wake ukagusa mlango, akabaki hapo mbali na mtoto hadi mazungumzo yalipokwisha. Mtoto alimnyooshea mikono. Shemeji aliweka yake nyuma.

"Tutahama," alisema. Alimwambia daktari, si sisi.

Walihamia kwetu mwisho wa mwezi, kwenye chumba tulichoongeza upande wa nyuma, ambamo nilikuwa naweka vitabu na kujidai kufanya kazi. Shemeji alipangusa kila kitu kwa kitambaa chenye maji kabla ya kukitoa nje ya ploti: meza, redio, picha ya arusi, sufuria moja moja. Godoro halipanguswi, kwa hiyo waliliacha. Kazi hakuiacha mara moja. Kwa miezi mitano alisafiri kati ya Umoja na Baba Dogo, akioga kwenye bomba la nje na kubadilisha nguo kabla hajaingia, kwa amri ya mke wangu, ambaye hajawahi kuandika karatasi ya maelezo na bado maelezo yake hufuatwa. Kisha akapata nafasi kwa mtengenezaji wa masanduku ya bati, kazi ya kelele zaidi na ujira mdogo zaidi.

Mtoto amepimwa mara mbili tangu hapo. Mara ya mwisho jibu lilikuwa chini ya mstari, kidogo tu. Anaongea sasa, hasa na shemeji, kwa sentensi fupi zinazomalizika kwa swali. Dada yangu alimuuliza daktari kama angekuwa anaongea zaidi ya hivi laiti wangehama mapema. Daktari alisema damu inaonyesha kilichopo leo, haionyeshi kilichokwisha kupita. Dada yangu alimshukuru, akafunga vifungo vya sweta la mtoto, akauliza tarehe ya kurudi. Shemeji aliiandika kwenye kiganja kwa kalamu, kwa kuwa simu yake ilikuwa imezima, na njiani kuelekea nyumbani alikuwa akikitazama kila mara kuona kama tarehe bado inasomeka.